Kitambaa cha Swaleh

Enzi zetu sisi, mtoto akizaliwa mtaani kwetu Malindi, habari ilifika kwanza kwa nyanya yake, kisha kwa majirani, kisha kwa mbwa. Msicheke. Mwulizeni yeyote aliyekulia kwenye ule uchochoro ulio nyuma ya majumba ya Wataliano, atawaambia. Mama mzazi akishatoka arubaini, alikata kipande cha nguo ya mtoto, nguo iliyovaliwa na bado haijafuliwa, akakifunga fundo, akamletea babangu. Baba alikipeleka kwa Bruno siku tatu mfululizo, saa ya chakula, akakifungua na kukiweka karibu na sinia lake ili anuse huku anakula. "Huyu ni wa kwetu," Baba alimwambia. Kuanzia hapo mtoto yule angeweza kutambaa hadi langoni, na Bruno asinyanyue hata sikio.

Bruno alikuwa Rotwaila, mweusi tititi, na alama mbili za kahawia juu ya macho, ungedhani ana nyusi. Mwenyewe kwa karatasi alikuwa tajiri mmoja wa Kitaliano aliyekuja miezi michache kwa mwaka, akaota jua, akaondoka. Lakini kusema kweli mbwa alikuwa wa Baba. Baba, ambaye watu walimwita Mzee Karisa hata kabla hajazeeka, alikuwa mlinzi wa jumba lile, nasi tuliishi vyumba viwili vya uani. Kwao ni Bamba, bara kule, kwenye ukoo wa wawindaji, na mambo ya kitambaa aliyatoa kwa babu yake, aliyekuwa na mbwa wa kuwinda na wajukuu wengi katika boma moja.

Alfajiri Baba alimtoa Bruno kwa kamba fupi. Hakumruhusu kutangulia mlangoni hata siku moja. Mkokoteni ukipita alimkalisha, baiskeli ikipita alimkalisha, mbuzi wa watu wakipita alimkalisha, mpaka ikafika mahali Bruno akisikia magurudumu ya mkokoteni anakaa mwenyewe bila kuambiwa. Katikati ya mlo Baba aliingiza mkono kwenye sinia, akaiondoa nyama, akakaa nayo kidogo, akairudisha. Siku moja nilimwuliza mbona anamsumbua mwenzake akila. "Nataka ajue mkono wa mtu hauji kumnyang'anya," akaniambia. "Iko siku mkono huo utakuwa wa mtoto." Walinzi wa majumba mengine walikuwa na ujuzi wao: mbwa analishwa pilipili, anafungiwa kwenye banda la giza asione sura ya mtu, watoto wanaachiwa wamtupie mawe ili apate hasira. Baba alikuwa akipita hapo anatikisa kichwa tu, maana alishawaambia wakachoka kumsikiliza.

Na sisi watoto alitufundisha. Jioni alitupanga mstari uchochoroni, Waislamu kwa Wakristo, wenye viatu na wasio na viatu, akamtoa Bruno. "Haya, minazi!" Basi kila mmoja anasimama kama mnazi: miguu imetulia, mikono imeshuka ubavuni, macho chini, mdomo umefungwa. Usikimbie, usipige kelele, usimkazie macho. Bruno alipita akitunusa mmoja mmoja, pua lake baridi linagusa magoti, na we! ukitaka kuijua roho yako ilipo, subiri pua la Rotwaila likufikie. Baadaye tukaugeuza mchezo wetu wenyewe. Mmoja alikuwa Bruno, wengine minazi, na mnazi utakaocheka unang'atwa. Mimi nilikuwa sichekeshwi. Watoto wa siku hizi mchezo wao ni kidole kimoja na kioo, ukimwambia asimame wima dakika mbili anakwambia mgongo unamuuma.

Lo, maisha yale! Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mafuta yanakuganda mdomoni mpaka unafika shule. Shuleni maziwa ya pakiti za pembe tatu, tunayang'ata ncha kwa meno, na ukiwa huna bahati yanakumwagikia kwenye sare, unanuka mgando mpaka saa ya kwenda nyumbani. Mchana sima na mboga ya mchunga, ule uchungu wake tuliulilia utotoni na leo naufuata sokoni kama dawa. Jioni mabuyu ya rangi, ulimi mwekundu, mama anakuuliza umekula nini nawe unakana huku mdomo wako wenyewe unakusaliti. Tulikuwa waongo wadogowadogo, sote. Uongo wa mabuyu haukumuumiza mtu.

Mtaa wetu ulikuwa wa mchanganyiko, na mbwa kwa jirani Mwislamu si jambo dogo. Mate yake yakikugusa, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Baba alilijua hilo na akaliheshimu kuliko watu wengi. Adhana ikisikika alimvuta Bruno upande wa pili wa njia, akasimama naye ukutani mpaka wa mwisho aliyeshika udhu amepita. Wazee walimwitikia salamu kwa jina. Na mama wengi wa Kiislamu walimletea vitambaa vya watoto wao, kwa sharti kwamba kitambaa kikishaingia kwetu hakitoki.

Bi Rukia ndiye aliyekataa. Nyumba yake ilikuwa kona ya uchochoro, mama mkimya, mpole, aliyetengeneza achari ya maembe mpaka majirani wakagombana. Alikuwa amekaa Mambrui muda mrefu akimuuguza mamake, na aliporudi alikuja na Swaleh, mwanawe wa pekee, karibu miaka mitatu, aliyezaliwa hukohuko. Mtoto mnene, mcheshi, haogopi kitu. Bruno hakuwa akimjua, na Swaleh alikuwa mdogo mno kufundishwa kusimama kama mnazi. Baba alikwenda kuomba kitambaa. "Nguo ya mwanangu na mate ya mbwa? Hasha, Baba Kadzo," Bi Rukia akasema, na Kadzo ndiye mimi. Baba hakubishana. Alibadilisha njia tu. Wiki nzima, kisha ya pili, kisha ya tatu, akawa anazunguka mbali kabisa kwa juu, kwenye jua, ili asipite na Bruno kwenye mlango ule. Ila salamu hakuacha. Akipita peke yake jioni alisema, "Masalkheri, Bi Rukia," na kutoka ndani ilijibiwa, "Masalkheri, Baba Kadzo."

Mzunguko ule ndio uliomtia Bi Rukia imani. Aliniita siku moja nikitoka shule, akanipa kifundo kidogo cha kitambaa cheupe, kipande cha kanzu ya Swaleh. "Mpe babako," akasema. "Mwambie nimeridhika. Namwamini. Na kisirudi kwangu."

Wiki ile yule tajiri alikuwa amekuja na wageni, na Baba alikuwa hana mkono wa kujikunia: bwawa la kuogelea, bustani, mizigo. Akanirudishia kifundo. "Kadzo, kazi hii ifanye wewe. Siku tatu. Ukimpelekea Bruno chakula, fungua fundo, kiweke karibu na sinia, ukae hapo mpaka amalize." Nilikuwa na miaka tisa, na nilijivuna kupewa kazi ya mtu mzima. Siku ya kwanza, nimeshika sinia mkono mmoja na kifundo mkono mwingine, wenzangu wakaniita kwenye mchezo wa rede. Timu yao ilikuwa imebakiwa na mtu mmoja. Nikaliweka sinia mbele ya Bruno, kifundo nikakichomeka kwenye ua wa makuti, nikajiambia nitakirudia. Nikaenda kuruka mpira. Sikukirudia. Siku ya pili niliona aibu kuanza upya, ya tatu nikawa nimeshajizoesha. Kila jioni Baba aliniuliza, "Umempa?" Kila jioni nilisema, "Nimempa."

Siku ya nne Baba akamshika Bruno kamba na kwa mara ya kwanza akaelekea njia ya kona. Nilikuwa nyuma yao. Nilitaka kusema. Mungu ananiona, nilitaka kusema, nikafungua mdomo mara mbili. Nikajipa moyo kwamba Bruno ni mpole, kwamba hata mlango utakuwa umefungwa. Mlango ulikuwa wazi. Swaleh akachomoka na hamri mkononi, anapiga kelele za furaha, "Mbwa! Mbwa!" akamrukia shingoni.

Bruno hakunguruma. Alidaka tu, mara moja. Baba alisema "Acha!" na akaacha papo hapo, kwa maana alikuwa mbwa aliyefundishwa, lakini mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umeshaingia mdomoni na ukatoka umevunjika. Nakumbuka hamri lilibaki chini kwenye mchanga. Nakumbuka Bruno alikuwa ameketi wima bila kuambiwa, anamtazama Baba usoni, na damu kidevuni.

Swaleh aliletwa kutoka hospitali baada ya wiki nyingi. Mkono uliunga, ila vidole havikukunjika tena. Kwa watu wanaokula sinia moja, kwa mkono wa kulia, mtajua mamake aliona nini kila siku ya Mungu: mwanawe akila kwa kushoto mbele za watu. Bi Rukia alimjia Baba langoni. Hakupiga kelele. "Nilikupa nguo ya mwanangu, Baba Kadzo. Nilikuamini." Nilikuwa nimejibanza nyuma ya Baba, nimeshika shati lake. Akajibu, "Kosa ni langu." Nikazidi kujibanza. Mtaa mzima ukamwita mzembe, mtu aliyechukua nguo ya mtoto akaitupa, nami nikala, nikalala, nikaenda shule.

Bruno walimletea mtu wa sindano ya kumuua. Tajiri alitaka afungwe mdomo, Baba akakataa. Alipiga magoti mbele yake, akamwambia, "Kaa," na Bruno akakaa. Akamshika kichwa kwa mikono miwili mpaka kikawa kizito. Baadaye Baba alijifungia chooni muda mrefu, na sisi uani tukajifanya hatusikii.

Kazi ilikwisha na vyumba vikaondoka nayo. Tukahamia Gede, Baba akashika jembe. Siku za soko alikuja Malindi na mihogo yake, na kila mara, lazima, alipita uchochoro ule. "Masalkheri, Bi Rukia." Kimya. Nilifuatana naye mara nyingi, nikiwa msichana, nikiwa mama mwenye watoto. Tulikuwa tukiona kivuli chake nyuma ya pazia. Baba alingoja kidogo, akaendelea na safari yake. Nilimwomba aache, nikamwambia anajidhalilisha. "Salamu ni yangu," alisema, "jibu ni lake."

Sasa naishi Mtwapa, nafundisha chekechea, na nina jirani anayeitwa Kelvin. Kijana mzuri, ila jamani! Alinunua dume la mbwa kupitia simu, kubwa kama ndama, akalipa jina la Gaidi. Ana picha zake elfu kwenye simu, kwenye picha wote wawili wamevaa miwani ya jua, lakini ukimwambia Gaidi akae, anakutazama kana kwamba umemwomba nauli. Mchana kutwa yumo kwenye kizimba nyuma ya lango lenye maandishi MBWA MKALI, analishwa chipsi zilizobaki, watoto wakitoka shule wanapigapiga lango kwa fimbo ili abweke. Siku moja komeo liliachia. Akatoka na kumwangusha mtoto wa darasa langu, akamraruria begi la mgongoni mpaka madaftari yakatapakaa barabarani. Begi, kwa rehema za Mungu. Kelvin akaniambia huku anacheka kidogo kwa woga, "Anacheza tu, Mwalimu." Nikamshika mkono kama mtoto mwizi, nikamwambia Jumamosi tunakwenda Gede.

Baba alikuwa mzee sana, miguu haimtaki, lakini alipoambiwa habari ya mbwa alikaa wima. Alimfundisha Kelvin kutwa nzima: kamba, mlango, sinia, mkono kwenye nyama, watoto wapangwe wafundishwe kusimama, kila mtoto wa mtaa ajulikane kwa harufu. Kelvin aliandika kwenye simu, na, tumpe haki yake, hakucheka tena. Mwishowe akauliza, "Mzee, wako aliwahi kung'ata mtu?"

 Baba akasema, "Aliwahi. Mtoto wa watu. Kwa sababu kazi ya mbwa wangu nilimwachia mtoto." Akanigeukia. "Kitambaa nilikiona, Kadzo. Siku ileile, nikimrudisha Bruno. Kwenye ua. Fundo halijafunguliwa."

Nilihisi nimekuwa na miaka tisa tena. Nikamwuliza kwa nini hakusema, kwa nini alikubali kuitwa mzembe na kila mtu, kwa nini aliacha nyumba iende, kazi iende, na mimi nimekaa pale na uongo wangu. Akanitazama kama anayeshangaa kwamba mwalimu mzima hajui jambo jepesi vile. "Ningesema, mtaa ungekuchukia wewe," akasema. "Ulikuwa mtoto. Mimi ndiye mtu mzima, na mbwa alikuwa wangu." Nililia mbele ya Kelvin, sikujali. Baba akanipa kipande cha muhogo, kama alivyofanya zamani nikianguka.

Hakumaliza mwaka. Tulimzika kando ya shamba lake. Siku arubaini zilipopita nikaenda Malindi, uchochoro ule, na kwa mara ya kwanza nikapiga hodi kwenye mlango wa kona. Bi Rukia ni kizee, macho yameingia ukungu. Swaleh ni mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alinimiminia kahawa kwa mkono wa kushoto. Nikawaambia yote, sikubakisha: rede, ua wa makuti, "Nimempa" mara tatu.

Swaleh ndiye aliyesema kwanza. "Dada Kadzo, ulikuwa mtoto." Mamake hakusema hivyo, na sikumlaumu. Alikaa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Kisha akasema, "Nilikuwa namsikia. Kila akipita nilikuwa namsikia. Na wewe ulikuwa ubavuni mwake, unajua." Nikasema ndiyo, nilikuwa najua. "Ungeniambia akiwa hai," akasema.

Siku hizi vijana wanapita njia wamejaza visikizio masikioni, hawamwamkui mtu, na sisi tuliokulia enzi za shikamoo na masalkheri tunawasema mpaka wanachoka. Mimi siwasemi tena. Kila jioni Kelvin anamtoa Gaidi kwa kamba fupi, anamkalisha pikipiki zikipita, na mjukuu wangu alipozaliwa nilikata kipande cha nguo yake, nikakipeleka kwa mkono wangu mwenyewe, nikakaa pale mpaka mbwa akamaliza kula. Siku tatu. Kelvin alijitolea kunisaidia, nikakataa. Zamani mtaa mzima ungejua kwa nini. Leo majirani wanachungulia madirishani wanasema Mwalimu ameanza kuchanganyikiwa.

Bi Rukia aliomba apelekwe Gede, kaburini kwa Baba. Swaleh aliazima gari, tukafika alasiri imekwisha, tukamshika huku na huku mpaka shambani, buibui lake linanasa kwenye majani ya mihogo. Aliuliza kichwa kiko upande gani, tukamwelekeza. Akajitoa mikononi mwetu, akasimama wima peke yake, mikono ubavuni, macho chini.

"Masalkheri, Baba Kadzo," akasema.

Akangoja kidogo, kama alivyokuwa akingoja Baba, kisha tukamshika mkono, tukarudi garini.